Feruzi Niliyoivaa kwa Jina Lako

Mama yangu wa Temeke,

Nimekuota tena. Umekaa ukumbini kwenye kile kibao chako kifupi, sinia la shaba liko mbele yako, unaosha vito na kuimba chini chini wimbo ambao hukuwahi kuumaliza. Nikakuita, hukuitika, ila uliinua mkono kama unavyofanya ukiwa na pini mdomoni. Nilipoamka hapa Kinondoni jua lilikuwa limeshafika miguuni pangu, wanangu wamekwenda chuoni na mume wangu Salum ameondoka na msumeno wake. Nyumba kimya. Nikasema, leo nitamwandikia.

Najua hukujua kusoma. Barua zote zilizofika nyumbani ulinipa mie nikusomee, nawe kazi yako ilikuwa kuzikosoa: "Huyu aliyeandika hana adabu, kaanza na shida kabla ya salamu." Basi nakuamkia kwanza, shikamoo Mama. Nikishamaliza nitaisoma barua hii kwa sauti, mlango wazi, na jirani akitaka kusikiliza asikilize. Mambo yenyewe siyaonei haya tena.

Nataka nianze na lile sinia, maana kwangu mie dunia ilianzia pale. Kila harusi iliyofungwa kutoka Mtoni mpaka Keko ilipita mikononi mwako, wewe mpambaji, na siku moja kabla ya harusi ulifungua lile kasha dogo la mninga ukamwaga kila kitu kwenye maji: vipuli, vikuku, mikufu, pete, vipini vya pua. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Jua likiingia likagusa maji, ukuta wetu wa chokaa ulijaa rangi, nyekundu imekaa juu ya kijani, buluu inatetemeka pembeni. Mie nilikuwa nikikimbia ukutani kuzikamata kwa viganja. Ukacheka mpaka kanga ikakuanguka begani. "Rangi haishikwi, Mwajuma. Ingeshikika Wahindi wangekuwa wameshaiuza."

Ulinifundisha majina kabla sijajua kufunga kanga. Hii akiki, masharifu huivaa, hutuliza hasira, na baba yako angeivaa tungeishi kwa raha. Hii marijani, ni mti wa baharini uliokubali kuwa jiwe, mtoto akivishwa jicho la watu halimpati. Hizi lulu, kila moja ni tone la mvua lililoanguka baharini, chaza akalimeza kwa pupa likamkaa rohoni. Lulu hukuziacha zikae ndani ya maji, ulizipangusa moja moja kwa kitambaa laini kama unavyompangusa mtoto machozi. Yakuti huwaka gizani, ulisema, na zumaridi nyoka akiitazama hupofuka. Nikakuuliza ya kwetu mbona haijapofusha yule nyoka wa kwenye banda la kuku. Ukaniangalia kwa jicho kali kidogo, halafu ukanong'ona kwamba ile ya kwetu ni kigae cha chupa, sonara kakisugua vizuri tu. "Lakini bibi harusi akiivaa ni zumaridi. Akishaivua ndiyo inarudi kuwa chupa. Na wewe ukilisema hilo nje nitakufinya."

Sikulisema. Unakumbuka lakini nilivyokuaibisha na almasi? Habari zilikuwa zimefika mjini kwamba huko Usukumani zimechimbwa almasi, na Mwingereza anazilinda kwa bunduki. Mie nikachukua jembe lako nikaanza kuchimba nyuma ya choo. Nikaleta ndani mawe meupe, matope mpaka kwenye nyusi, wageni wamejaa ukumbini. Hukunipiga. Uliyapokea yote, ukayaosha ndani ya sinia pamoja na vito vya harusi, ukayainua juani moja baada ya jingine na kusema kwa sauti nzito, "Hii si almasi. Hii si almasi. Hii nayo, masikini, ilitaka kuwa."

Pete yangu ya feruzi nilikuwa nayo tangu sikumbuki. Hadithi yake uliisimulia mara nyingi hadi nikadhani niliyaona mwenyewe. Ulinibeba mgongoni kwenda kwa mwalimu wa Mtoni anitazamie nyota. Mwalimu kauliza jina la mtoto, ukasema Mwajuma. Kauliza jina la mama, maana nyota haipatikani kwa jina la mtoto peke yake, ukasema Mwanamvua. Akaandika herufi za majina yote mawili, kila herufi na hesabu yake, akajumlisha, akawa anatoa kumi na mbili, kumi na mbili, mpaka kilichobaki kikasema: nyota ya maji, kito chake feruzi. Siku hiyo hiyo ukafungua kasha, ukachagua feruzi ndogo kuliko zote na kuipeleka Uhindini ikafungwe kwenye fedha. Kwanza niliivaa shingoni kwa uzi mweusi. Nilipokua kidogo ikaenda kwenye kidole gumba, halafu cha shahada, mwisho ikakaa cha pete na haikutoka tena.

Nilipata ile homa mwaka ambao sukari ilikuwa ya kadi kwa sababu ya vita. Nakumbuka dari, nakumbuka harufu ya mafuta ya mwarobaini, na mkono wako umeshika wangu unaitazama feruzi. Ilikuwa imepauka, imekuwa rangi ya maziwa yaliyotiwa maji mengi. Ulikuwa ukiniambia, "Usiogope, inainywa homa, iache inywe." Siku nilipoomba uji ukaniinua hadi dirishani tuitazame pamoja, na buluu ilikuwa imeanza kurudi kwenye ukingo wake. Ulilia hapo, ukadai ni moshi wa jikoni, na jikoni hakukuwa na moto.

Halafu akaja Salum. Bawaba za kasha lako zilikuwa zimelegea, ukaletewa fundi seremala kijana kutoka Kinondoni, mrefu, mpole, anaongea na mbao kuliko watu. Bawaba mbili zilimchukua mchana kutwa, na kesho yake akarudi kusema anataka kuzitazama kama zimekaa sawa. Mie nilikuwa uani nachambua mchele, yeye anatazama uani. Ukamwambia, "Fundi, kasha liko huku." Nilicheka ndani ya ungo mpaka mchele ukaruka. Nilimpenda, Mama. Sikukuambia, na hukuniuliza, ila jioni ile uliniwekea kipande kikubwa cha samaki na kusema mtu anayefikiri sana anahitaji kula.

Mama yake, Bi Hadija, alikuja kuposa na sharti moja. Binti yake mkubwa aliolewa bila kutazamiwa nyota, akarudishwa nyumbani na mtoto mkononi, naye akaapa halitatokea tena. Nyota za Salum na Mwajuma zikipatana, harusi ipo. Zisipopatana, hakuna ubaya, kila mtu kwake. Baba alikuwa ameshafariki, jibu lilikuwa lako, nawe ulikubali bila wasiwasi. Nilikuona ukifagia ukumbi ule kama wa siku ya Idi.

Bi Hadija alikuja na mwalimu wake mwenyewe kutoka Kinondoni. Mie nilisimama nyuma ya pazia la chumbani, kama inavyompasa mwari, nimeishika pete yangu. Nilisikia kalamu ya mwanzi inakwaruza karatasi. Salum nyota yake ilitoka moto. Halafu akauliza jina langu na la mama yangu, nawe ukajibu kwa sauti ile ile ya hadithi yako, "Mwajuma wa Mwanamvua." Kalamu ikakwaruza tena, ikasimama.

"Huyu ni maji, Bi Hadija," mwalimu akasema. "Maji na moto. Mmoja atamzima mwenzake."

Bi Hadija alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya, na nilisikia anavyoumia. "Basi dada, tusameheane. Mtoto mzuri, nyumba nzuri. Lakini mie nimeshaungua mara moja, siwezi tena."

Nikaegemea ukuta, nikalia chini chini. Nilisikia watu wanakusanya viatu vyao. Halafu bangili zako zikalia, kama ulikuwa umeweka mikono chini ghafla.

"Mwalimu," ukasema, "umehesabu jina langu."

"Ndiyo, bibi. Umesema Mwanamvua."

"Hesabu kwa Zena."

"Zena ndiye nani?"

"Mdogo wangu. Yuko Kilwa. Ndiye aliyemzaa."

Nakumbuka pazia, maua yake mekundu, moja limechanika, na mie nalitazama lile lililochanika. Zena ni mama mdogo aliyekuja kila mwaka na pweza mkavu na korosho, akanikumbatia kidogo zaidi ya wengine, akawa ananitazama nikila. Nilidhani ananitazama kwa sababu nakula vibaya. Siku ile ndipo nilipopata yote, kwa vipande, wewe ukimweleza mwalimu kwa sauti ya chini: kwamba uliwazika watoto wako wote wakiwa wachanga, kwamba mdogo wako alikuja kujifungulia kwako Temeke, na arobaini yake ilipokwisha akarudi Kilwa mikono mitupu kwa hiari yake, kwa sababu hakuweza kukuacha na nyumba ile kimya. Watu kupeana watoto si jambo la ajabu kwetu. Wazee wote walijua. Ila mie hukuniambia, na mwalimu wa Mtoni hukumwambia, ukaniandikisha nyota kwa jina lako.

Mwalimu wa Kinondoni alihesabu upya. Ikatoka nyota ya upepo. Upepo na moto ni marafiki, akasema, mmoja humpa mwenzake uhai, na kito chake ni akiki ya rangi ya asali. Bi Hadija akapiga kigelegele hadi majirani wakaja mlangoni. Na hapo ndipo ninaporudi mara kwa mara, Mama, hata sasa nikiwa na sufuria jikoni: hukujua kama itatoka upepo. Ingeweza kutoka maji tena. Ingeweza kutoka kitu kibaya zaidi, na ungekuwa umenipoteza mchana kweupe bila kunipatia chochote. Ulilitoa jina lako mbele ya wageni kwa sababu tu nilikuwa nyuma ya pazia nikilia na ukanisikia.

Nilikasirika lakini. Lazima niseme, maana wewe hukupenda mtu anayejifanya. Wageni walipoondoka nilikaa uani, nikakataa kula. Ukaja na sahani, ukakaa chini karibu yangu, tukawatazama kuku.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba mie si mama yako? Mbona ungekuwa uongo."

"Na kwa mwalimu je? Wa Mtoni?"

"Aliuliza jina la mama. Wewe umelala mgongoni kwangu, unanidondoshea mate shingoni. Ningemtajia nani?"

Nikala. Hasira haikuisha siku ile, ila ilipata pa kukaa.

Wiki ya harusi Mama mdogo Zena akaja kutoka Kilwa. Mlinisinga kwa liwa, ule mti wa harufu uliosagwa, wewe upande huu, yeye upande ule, na mie katikati nanukia kama duka la udi na maua, sijui nimtazame nani. Bibi harusi lazima avae kito cha nyota yake, na mpambaji ulikuwa wewe. Ukauchukua mkono wangu kuitoa feruzi, ikagoma. Ukapaka sabuni, ikagoma. Ukapaka mafuta ya nazi, ukazungusha pole pole, ukasema mkono wangu umekuwa mkaidi toka utotoni, na sauti yako ikakatika katikati ya utani. Ilipotoka iliacha alama nyeupe kuzunguka kidole. Uliifunga kwenye pindo la kanga yako, mafundo mawili. Halafu ukamnyooshea Mama mdogo ile pete ya akiki. "Mvishe, Zena. Hii ya kwako."

Akatikisa kichwa, akabaki ameshika bakuli la liwa. "Mpambaji ni wewe, dada."

Ukanivisha. Rangi ya asali ilinikaa vizuri, kila mtu alisema. Nikaolewa, nikahamia Kinondoni, na miaka imekwenda vizuri kuliko nilivyotazamia, hata Bi Hadija ananiazima mikeka yake. Wakati mwingine namuuliza Salum: kama nyota ile ya maji ilikuwa ya makosa, feruzi ilikunywaje homa yangu? Yeye hujibu kwamba mawe hayajui kusoma. Mie sina elimu ya falaki. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa naumwa, ikapauka, nikapona, na kila nilipofungua macho ulikuwepo. Nimejaribu kuipenda akiki namna ile na sijaweza, ingawa haina kosa lolote.

Sasa nikueleze yaliyotokea baada yako, maana hayo huyajui.

Mauti yalikuchukua kwa upole, hilo tunashukuru. Siku ya kuanua tanga nyumba yetu ya Temeke ilijaa. Wanaume kibarazani na mikeka yao, wanawake ndani, Mama mdogo Zena amekaa chini ya dirisha na mie karibu naye. Khitima ikasomwa. Kabla ya dua ya mwisho shehe akauliza marehemu ameacha nani, ili awataje. Mjomba Athumani, kaka yako, ndiye aliyejibu, nami nikamsikia wazi kupitia dirishani.

"Mwanamvua hakubakiwa na mtoto, shehe. Ametuacha sie ndugu zake."

Hakusema kwa ubaya. Kwa sheria yuko sawa, na wanawake wale wote walijua yuko sawa, kwani hakuna aliyeinua kichwa. Ila shehe alianza dua, akaomba kwa ajili ya ndugu, kwa ajili ya majirani, na pale mahali ambapo marehemu huombewa na mtoto wake akapapita kama njia isiyo na nyumba. Na wewe umelala kaburini huko Mtoni, unasikia unapitwa.

Nilisimama. Sikupanga. Nilijikuta mlangoni, mbele ya wanaume, kichwa kimefunikwa.

"Shikamoo Mjomba. Nisamehe. Ameacha mtoto mmoja."

"Mwajuma, mwanangu," akasema kwa huruma, "sie tunakujua. Lakini mbele ya sheria..."

"Siulizi urithi, Mjomba. Nyumba yenu, kasha lenu, gawaneni kwa sheria. Mie naomba dua irudiwe, nitajwe."

Kibaraza kizima kiligeuka. Salum alikuwa ameinamisha macho, lakini alikuwa amesogea kunipisha, na hilo nililiona. Shehe, mzee mpole asiyenijua, akaniuliza kama mama aliyenizaa yuko hai.

"Yuko hai."

"Basi, binti, huyo ndiye..."

Hakumaliza. Sauti ya Mama mdogo Zena ilitoka dirishani, nyuma ya wavu, imekauka kwa kulia lakini haikuyumba.

"Ni mie, shehe. Nipo hapa. Mie nilimzaa tu. Mtoto ni wa dada yangu."

Shehe akarekebisha kanzu yake, akainua mikono, na watu wote wakainua. Akaianza dua toka mwanzo. Alipofika pale alipopapita, akasimama, akasema, "Na mwanawe, Mwajuma." Kibaraza na ndani wakaitikia amin kwa pamoja, na Mama mdogo akaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Nasikia watoto wanarudi, wanagombana barabarani. Nakuachia hapa, Mama, niende nikawapakulie. Mungu akupe mwanga na nafasi.

Mwanao,
Mwajuma